Mkwaju Alipochelewa Kufika Dodoma

Wengi wetu tunamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori katika mchezo wa redio "Twende na Wakati". Wachache wanafahamu kwamba Dodoma ilicheleweshewa mchezo huo kwa makusudi, kwa muda wa miaka miwili.

Michezo ya mfululizo ya redio ilistawi Marekani katika miaka ya 1930, ikidhaminiwa na watengenezaji wa sabuni waliotaka kuwafikia akina mama wa nyumbani. Baadaye Miguel Sabido wa Mexico aliitumia mbinu hiyo katika televisheni ili kufundisha: mhusika mbaya huvuna alichopanda, mwema hufanikiwa, na kati yao yupo anayesitasita, kisha akageuka.

Radio Tanzania ilianza kurusha "Twende na Wakati" Julai 1993, UKIMWI ukiwa tishio kubwa nchini. Mkwaju alikuwa na wanawake katika safari zake, na hatimaye akapatwa na ugonjwa huo. Mkewe, Tunu, aliyevumilia kwa muda mrefu, alijifunza kujitegemea.

Watafiti, akiwemo Mmarekani Everett Rogers, walitaka kujua kama mchezo huo kweli hubadili mienendo. Ugumu ni kwamba habari za UKIMWI zilisikika pia shuleni, zahanati na kanisani. Ilihitajika sehemu ya kulinganisha, nayo ikawa Dodoma. Hadi Septemba 1995 mtambo wa hapa ulirusha vipindi vingine katika saa ileile.

Matokeo yalionekana. Kulikosikika mchezo, wasikilizaji wengi walieleza kwamba wamepunguza idadi ya wapenzi, na wanandoa walizungumza zaidi kuhusu uzazi. Mchezo ulipoletwa Dodoma, mabadiliko ya namna hiyo yalianza kuonekana hapa pia. Ni kweli kwamba si kila kilichohimizwa kiliafikiana na mafundisho ya Kanisa kuhusu uzazi wa mpango; hata hivyo wito wa uaminifu katika ndoa ulikuwa pia wito wetu.

Linabaki swali la haki. Je, ilifaa kuwanyima watu onyo ambalo lingeweza kuokoa maisha? Mtafiti atajibu kwamba mwaka 1993 hakuna aliyekuwa na hakika kwamba mchezo ungesaidia, na kwamba Dodoma haikuachwa moja kwa moja. Jibu hilo lina uzito. Hata hivyo, aliyeambukizwa katika miaka ile miwili hakuwa takwimu. Alikuwa mzazi au mtoto wa mtu. Anayefanya utafiti juu ya binadamu hana budi kulikumbuka hilo kabla ya kuanza.

Nasi tunaohubiri na kulea tuna la kujifunza. Watu walimsikiliza Mkwaju kwa sababu walimfahamu: alifanana na jirani. Onyo lililovikwa maisha ya mtu huingia nyumbani, likazungumzwa jioni baada ya redio kuzimwa.