KUUNGANISHA SEVA NA MTANDAO WA HIFADHI: MAFUNZO KUTOKA KARATU NA NGORONGORO

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kwamba kumbukumbu ya umma ni amana. Cheti cha kuzaliwa, hati ya ardhi, orodha ya mishahara na jalada la mstaafu ni mali ya mwananchi iliyowekwa mikononi mwa ofisi, na amana haina budi kurejeshwa kamili siku inapotakiwa. Zamani kumbukumbu hizo zilikaa katika makabati, na adui yake alikuwa mchwa, maji na moto. Leo nyingi zinakaa ndani ya seva, yaani kompyuta kuu inayozihudumia kompyuta nyingine za ofisi. Diski ya seva inapokufa ghafla, mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe huambiwa kwamba jalada halionekani, na hapana kabati la kufungua ili litafutwe upya.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kuilinda amana hiyo, nayo ni kuiunganisha seva na mtandao wa hifadhi. Mifano mingi imechukuliwa Karatu na Ngorongoro, katika Mkoa wa Arusha, kwa kuwa huko neno hifadhi linafahamika kwa maana zake zote mbili: kulinda kilicho hai, na kutunza alama za waliopita.

Funzo la Laetoli

Itakumbukwa kwamba mwaka 1978, katika eneo la Laetoli ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, watafiti waliokuwa chini ya Bibi Mary Leakey waligundua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Mwaka 1979 nyayo hizo zilifukiwa ili zisiharibiwe na mvua na wanyama. Nia ilikuwa njema, lakini mchanga uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, na mizizi ikaanza kuteremka kuelekea kwenye nyayo zenyewe. Kwa hivyo, mwaka 1995 na 1996, Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania kwa kushirikiana na Getty Conservation Institute ya Marekani waliiondoa miti, wakazifukua nyayo, wakazipiga picha na kuzipima kwa makini, kisha wakazifukia upya kwa mchanga uliochekechwa, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi na mawe ya volkano juu yake.

Mafunzo ya tukio hilo ni mawili. La kwanza, kitu kilichowekwa katika hifadhi bila ya kuangaliwa kinaweza kuharibika kikiwa humo humo. La pili, nyayo zinapokuwa chini ya udongo, mtafiti hutegemea zaidi nakala, picha na vipimo vyake. Kumbukumbu hizo zikipotea, kuzipata tena ni kulifukua kaburi la majivu na kuzihatarisha nyayo kwa mara nyingine.

Mtandao wa hifadhi ni nini

Ili kulifahamu jambo lenyewe, na uchukuliwe mfano wa wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi, Wilaya ya Karatu. Kila mkulima akiweka magunia yake chumbani kwake, mmoja atajaza chumba hadi akose pa kulala, na mwengine atakuwa na chumba kitupu. Nyumba ya mmoja ikiungua, mali yake yote huteketea. Wakijenga ghala moja imara, lenye mlinzi, milango miwili na daftari la mgao, kila mmoja hupewa sehemu yake kwa kadiri ya haja, na sehemu hiyo huongezwa mavuno yanapokuwa makubwa.

Seva yenye diski zake ndani ni yule mkulima na chumba chake. Mtandao wa hifadhi ndio ghala. Ndani yake mna mtambo wenye diski nyingi, swichi zinazogawa njia, na kebo zinazoufikisha mtambo huo kwa seva kadhaa. Mtambo hukatwa mafungu, na kila fungu hupewa nambari na kukabidhiwa seva yake. Seva huliona fungu hilo kama diski iliyomo ndani ya mwili wake, ingawa diski zenyewe ziko chumba chengine. Hapo ndipo mtandao huu unapotofautiana na lile folda la pamoja ambalo watumishi wengi wamelizoea, kwani folda hutoa mafaili, bali mtandao wa hifadhi hutoa diski tupu ambayo seva yenyewe huipanga.

Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni Faiba Chaneli, ambayo viwango vyake vilipitishwa rasmi Marekani mwaka 1994, nayo huwa na kebo na swichi za peke yake. Ya pili ni Aiskazi, iliyowekewa kanuni mwaka 2004, ambayo hupitisha mawasiliano hayo hayo juu ya mtandao wa kawaida wa kompyuta. Ya kwanza ni ghali na imejitenga. Ya pili ni nafuu, ila inafaa itengewe njia yake ili isisongamane na barua pepe za ofisi nzima.

Hatua za kuunganisha

Kazi hii hufanywa na fundi, lakini mkuu wa ofisi anapaswa kuzijua hatua zake ili aweze kuuliza.

Kwanza, seva hutiwa kadi ya kuunganishia. Kadi ya Faiba Chaneli huzaliwa na nambari ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 16, isiyofanana na ya kadi nyengine duniani. Nambari hiyo huandikwa daftarini kabla ya jambo lolote.

Pili, hulazwa kebo za nyuzi za kioo. Kwa kasi ya gigabiti 16, kebo ya masafa mafupi hufika takriban mita 100, na ya masafa marefu hufika kilomita 10. Kebo hizi hazikunjwi kwa nguvu, na ncha zake hazikai wazi. Vumbi jekundu la Karatu, chembe yake moja ikikaa kwenye ncha, inatosha kuzuia mwanga. Huku Visiwani, mvuke wa chumvi ya bahari nao huvila vichwa vya chuma vya mitambo taratibu. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na hupoza mitambo kwa uvivu, kwa hivyo hata penye baridi ya umande, feni na nafasi ya hewa haziachwi.

Tatu, katika swichi hupangwa kanda. Kanda ni idhini iliyoandikwa kwamba kadi fulani ya seva ionane na mlango fulani wa mtambo, na si mwengine.

Nne, katika mtambo hukatwa fungu, likakabidhiwa nambari ya kadi iliyoandikwa daftarini. Seva isiyotajwa haioni fungu hilo hata kwa bahati mbaya.

Tano, seva huamrishwa itazame upya. Diski mpya ikionekana, fundi hulinganisha ukubwa na nambari yake na kilichoandikwa daftarini, ndipo aipange kwa matumizi. Hatua hii haitaki haraka. Fundi aliyechoka akipanga upya fungu lenye kumbukumbu kwa kudhani ni tupu, hufuta kwa dakika moja kazi ya miaka.

Sita, kebo moja huchomolewa kwa makusudi huku kazi ikiendelea, ili ionekane kama njia ya pili inapokea mzigo. Kisha hurudishwa, na ya pili nayo ikachomolewa.

Sababu ya njia mbili

Baadhi ya wakuu wa ofisi huuliza kwa nini zinunuliwe kadi mbili na swichi mbili ilhali moja inafanya kazi. Wakaazi wa Unguja wanalo jawabu. Kisiwa kilikuwa kikitegemea waya mmoja wa umeme chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Ulipoharibika, Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena takriban miezi 3, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya, wenye uwezo mkubwa zaidi, ulizinduliwa mwaka 2013. Kilichomfika mwenye friji ya samaki Darajani wakati ule ndicho kinachoifika seva yenye njia moja.

Ili njia mbili ziwe mbili kweli, kila moja iwe na kadi yake, swichi yake na chanzo chake cha umeme, na seva iwe na programu inayotambua kwamba diski mbili inazoziona ni fungu moja lililofikiwa kwa milango miwili. Programu hiyo ikikosekana, seva hudhani ina mali maradufu, na mashaka huanzia hapo.

Tahadhari

Fungu moja halikabidhiwi seva mbili kwa pamoja, isipokuwa zimewekewa programu ya kushirikiana. Seva mbili zisizojuana, zikiandika katika fungu moja, ni sawa na makarani wawili wanaoandika ukurasa mmoja wa daftari gizani. Kila mmoja atadhani ameandika sawasawa, na asubuhi hapatakuwa na mstari unaosomeka.

Aidha, mtandao wa hifadhi si nakala ya akiba. Mtambo huweza kustahimili diski moja au mbili kufa kwa mujibu wa ulivyopangwa, lakini jalada likifutwa kwa makosa, limefutwa kote. Nakala ya akiba lazima ikae pengine, mbali na jengo lenyewe.

Umbali nao una hukumu yake. Mwanga ndani ya uzi wa kioo hutumia takriban milisekunde 5 kwenda kilomita 1,000. Ofisi ya Karatu ikitumia mtambo ulioko Dar es Salaam kwa kebo ya kilomita 700, kila uandishi utasubiri milisekunde 7 kwenda na kurudi, na maandishi ni maelfu kwa dakika. Kwa hivyo diski ya kazi hukaa karibu na seva, na nakala hupelekwa mbali nyuma ya kazi, bila ya kumsubirisha mwananchi dirishani.

Hali kadhalika, si kila ofisi inahitaji mtambo huu. Ofisi yenye seva moja na mafaili machache hutoshelezwa na diski mbili ndani ya seva na nakala ya akiba iliyo salama. Fedha ya umma haitumiki kwa fahari.

Wajibu wa kila mtumishi

Watumishi wanaohusika wanakumbushwa mambo yafuatayo:

(a) Daftari la nambari za kadi, kanda na mafungu liandikwe, litiwe saini na litunzwe sehemu mbili, ili elimu isiondoke na fundi anapohamishwa au kustaafu.

(b) Taa nyekundu au ya manjano katika mtambo iripotiwe siku hiyo hiyo. Diski iliyokufa isipobadilishwa, inayofuata ndiyo itakayochukua kumbukumbu.

(c) Nakala ya akiba ijaribiwe kwa kurejeshwa, angalau faili chache kila mwezi. Nakala isiyowahi kurejeshwa ni dhana tu.

(d) Matengenezo yatengewe fungu katika bajeti ya kila mwaka, yasingojee hitilafu.

Nyayo za Laetoli zilidumu miaka milioni 3.6 chini ya majivu, na zilikaribia kuharibiwa na miti ndani ya miaka 16 baada ya kufukiwa na wale wale waliotaka kuzilinda. Zilisalimika kwa sababu walirudi kuziangalia wakati bado upo. Mtambo wa hifadhi unataka matunzo hayo hayo, kwani mwenye jalada atakuja kuidai amana yake siku ambayo ofisi haiijui.