Redio ya babu: Haina zebaki, na haitaki betri ya sola

Ngara/Biharamulo. Katika baadhi ya nyumba za wazee wilayani Ngara na Biharamulo, bado lipo sanduku la mbao lililosahaulika darini au nyuma ya magunia ya mahindi. Ni redio ya babu. Haina waya wa kuchomeka ukutani, na wajukuu hawajawahi kuisikia ikizungumza.

Siku inaposhushwa, hatari mbili huwa zinaisubiri. Ya kwanza ni mpita njia anayedai redio za kale zina "zebaki nyekundu" yenye thamani ya mamilioni. Ya pili ni kijana wa nyumbani mwenye hamu ya kuiunganisha na betri ya sola aone kama itaamka. Wa kwanza huiua kwa nyundo, wa pili huiua kwa sekunde moja.

Ilivyofika vijijini

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, wakati vijiji vingi vya nchi havikuwa na umeme. Redio za wakati huo zilitumia valvu, yaani vichupa vya kioo visivyo na hewa ndani, vilivyofanya kazi ambayo baadaye ilichukuliwa na transista. Kwa watu wasio na umeme, viwanda vilitengeneza redio za valvu zinazotumia betri kavu.

Mojawapo ya zilizopata umaarufu ilikuwa redio ya duara ya Ever Ready, iliyobuniwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, sasa Zambia, mwaka 1949. Ilikuwa na valvu nne, iliuzwa pauni 5, na betri yake ilidumu takribani saa 300. Kwa kuwa umbo lake lilifanana na sufuria, iliitwa kwa jina hilo.

Kufikia mwaka 1973, Radio Tanzania ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya iliyokusanya takribani watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, redio za transista zilikuwa zimeshaenea. Za valvu zikapandishwa darini.

Jinsi ya kuitambua

Alama ya kwanza ipo mahali pa betri. Redio ya valvu ya betri huhitaji umeme wa aina mbili: volti 1.5 za kupasha nyuzi za ndani ya valvu, na volti 90 hivi za kuendesha kazi yenyewe. Mara nyingi pameandikwa L.T. na H.T. Redio inayotaka volti 6 au 9 pekee, huenda ni ya transista.

Alama ya pili ipo kwenye valvu zenyewe. Zilizotengenezwa Ulaya huandikwa herufi na namba, na herufi ya kwanza ndiyo ufunguo. D, kama DK96, DF96, DAF96 na DL96, ni valvu ya betri yenye uzi wa volti 1.4. E au U ni ya redio za umeme wa ukutani, na hizo zina hatari zake nyingine. Maandishi hayo hufutika kwa urahisi, hivyo kioo kisisuguliwe kabla ya kuyanakili au kuyapiga picha.

Uvumi wa zebaki

Wanaoeneza uvumi huonyesha rangi ya fedha inayong'aa ndani ya valvu. Hiyo si zebaki. Ni utando wa madini ya bariamu, uliowekwa kiwandani ili kunasa hewa iliyobaki ndani. Una faida moja kwa fundi: ukigeuka kuwa mweupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa.

"Zebaki nyekundu" haijawahi kuthibitishwa na sayansi kuwa ipo. Mwaka 2009 uvumi huohuo uliwafanya watu nchini Saudi Arabia wanunue cherehani kuukuu kwa bei za ajabu.

Palipo na sumu ya kweli ni kwenye betri zilizoozea ndani ya redio. Betri za zamani ziliweza kuwa na zebaki kidogo pamoja na kemikali zinazounguza ngozi. Zitolewe na mtu mzima aliyevaa glavu, zifungwe kwenye mfuko, na zisichomwe moto wala kupewa watoto wazichezee.

Kinyesi cha panya nacho kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kiloweshwe kwanza kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, kisha kifutwe, na anayesafisha azibe pua na mdomo.

Kuifufua

Betri ya sola au ya pikipiki ina volti 12. Zikifika kwenye uzi wa volti 1.4, valvu zote huungua papo hapo, na kuzipata nyingine si rahisi. Ndiyo maana redio isiwashwe kabla ya kukaguliwa.

Fundi hupima kwanza nyuzi za valvu, moja moja, kwa mita ya dijitali. Kisha hubadilisha kapasita za karatasi na nta, ambazo baada ya miaka 60 au 70 huvujisha umeme. Lehemu ya zamani ina risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Kazi hiyo ifanyike penye hewa, mbali na watoto na wajawazito, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Betri za asili hazipo tena madukani, lakini mbadala upo. Betri moja kubwa ya tochi hutoa volti 1.5. Betri kumi ndogo za volti 9, zikiunganishwa mfululizo, hutoa volti 90. Fundi mwangalifu huanza na tano, akaongeza akiona hakuna joto wala moshi. Volti 90 si za kuchezea: umeme ukiingia mkono mmoja na kutokea mwingine, hupita kifuani ulipo moyo.

Nyuzi za valvu hizi haziwaki kwa mwanga unaoonekana, kwa hiyo giza ndani ya redio si dalili ya kufa. Dalili ya uhai ni mvumo kwenye spika.

Itasema nini?

Mjukuu anayetarajia kuipata Radio Kwizera, iliyoanza Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, atakata tamaa akiitafuta kwenye FM. Redio ya babu hunasa masafa ya kati na mafupi. Inahitaji waya mrefu wa antena nje, na husikika vizuri zaidi jua likizama, kwani mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali usiku.

Hata valvu zikikutwa zimekufa, sanduku bado lina kazi. Liwekwe mbele ya bibi, aulizwe ilinunuliwa kwa fedha ya kahawa au ya ng'ombe, jirani gani walikuja kusikiliza, na taarifa gani iliwanyamazisha wote. Majibu yarekodiwe kwa simu siku hiyohiyo, maana hayo hayana kipuri.