Je, Wajua? Nyanya ndiyo inayochelewesha maharage

Nyanya ikitangulia sufuriani, maharage hugoma kuiva. Asidi yake hukaza pektini, ile gundi inayoshikilia seli za punje, na maganda hubaki magumu hata gesi ikatike. Ndimu, ukwaju na siki ni hivyo hivyo. Anayerudi kutoka kazini jioni akataka kujaribu pishi jipya aanze na maharage yaliyokwisha lainika, nyanya zije baadaye.

Kazi kubwa ni ya siku moja kabla. Loweka kilo nzima, utie na chumvi kwenye maji. Wengi tumeambiwa chumvi huyafanya yawe magumu, kumbe sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu kwenye pektini na ganda likalegea. Magadi huharakisha zaidi, ila huharibu vitamini B1, na yakizidi mchuzi unanuka sabuni. Mwaga maji ya kulowekea, chemsha yote, gawa kwenye makopo, weka kwenye friza. Leo yatiwe tui na iliki, kesho yapondwe na vitunguu vya kukaanga yaliwe na chapati.

Maharage mekundu yana lektini, sumu ambayo punje nne au tano mbichi zatosha kumtapisha mtu mzima. Kuyapika kwa joto la 80°C tu kunaweza kuizidisha. Kwa hiyo anayetumia kikapu cha kupikia, kile kinachoivisha kwa joto lililohifadhiwa bila moto, ayaache kwanza yatokote jikoni, si chini ya dakika 10, ndipo ayafunike.