Athari za Mabadiliko ya Utoaji wa Gesi katika Ozoni ya Usawa wa Ardhi: Mfano wa Los Angeles

Ozoni iliyo karibu na ardhi haitoki moja kwa moja katika bomba la moshi. Huundwa hewani, pale oksidi za naitrojeni na mivuke ya hidrokaboni inapomenyuka chini ya mwanga wa jua. Kwa hiyo dhana kwamba gesi zinazotolewa zikipungua nusu ozoni nayo hupungua nusu haina mashiko.

Mchakato huu ulibainishwa Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kuwa ukungu uliowawasha wakazi macho na kuharibu majani ya mimea ulitokana na moshi wa magari na mivuke ya petroli iliyopigwa na jua. Baadaye jiji hilohilo lilizusha kitendawili: mwishoni mwa juma malori ya dizeli yalipungua barabarani, lakini ozoni ilipanda kuliko siku za kazi.

Kiini chake ni dhima mbili za oksidi za naitrojeni. Monoksidi ya naitrojeni itokayo kwenye injini huiteketeza ozoni papo hapo. Dioksidi ya naitrojeni nayo, ikizidi, huziteka radikali za haidroksili zinazoanzisha uoksidishaji wa hidrokaboni. Palipojaa oksidi hizo, kuzipunguza kidogo ni kuiondolea ozoni kizuizi. Zikishakuwa haba, kila punguzo huishusha. Ndiyo maana tofauti ya mwisho wa juma Los Angeles imefifia kadiri magari yalivyodhibitiwa.

Mwaka 2020 pande zote mbili zilionekana kwa pamoja. Wuhan ilipofungwa, dioksidi ya naitrojeni ilishuka sana na ozoni ikapanda. Katika anga huru la kaskazini mwa dunia, mbali na moshi wa miji, ozoni ilipungua kwa takriban asilimia 7 katika majira ya kuchipua na ya joto.

Mtunga sera anayetegemea kituo kimoja cha kupimia katikati ya jiji anaweza kudhani kwamba udhibiti wa magari umeshindwa. Hukumu hiyo ni ya haraka, ingawa si haki kupuuza ozoni wanayovuta wakazi katika kipindi cha mpito. Kubana pia mivuke ya petroli, rangi na viyeyusho hupunguza gharama hiyo. Njia hiyo, hata hivyo, haitoshi kila mahali: Atlanta, kwa mfano, imezungukwa na misitu inayotoa hidrokaboni kwa wingi, na miti haiwekewi kanuni. Huko, oksidi za naitrojeni ndizo za kubanwa.