Mzamivu wa Garissa

Mto Tana huupita mji wa Garissa, kisha ukaja kumwaga maji yake kwetu pwani, Kipini. Ukingoni mwake nilikaa alasiri moja na mwalimu aliyesomesha huko miaka ishirini na ushei. Ndevu zina mvi, naye ataka kusomea shahada ya uzamivu katika elimu.

"Maalim, umri huu?" nilimwuliza.

"Sheikh wangu, mwalimu wako wa chuoni hakuwa na mwalimu wake?"

Nikanyamaza. Maalim wangu alitusomesha juzuu asubuhi, na baada ya Magharibi akaenda mwenyewe kukaa darsani.

Lakini hofu ninayo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa. Chuo kilifunguliwa tena mwaka 2016. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, na walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa. Madarasa yakakosa walimu. Mwenyeji mkongwe naye akiondoka, watoto watabaki na nani?

Nikamwambia: mzamia lulu huzama akazuka, asipozuka, jamaa zake hula tanga.

Akajibu, "Nataka kujua kwa nini mtoto wa mfugaji huhifadhi Kurani katika dugsi, kisha akaiacha shule. Hayo nitayatafiti wapi, kama si hapa?"

Basi Mola amjaalie azame salama, na azukie papo hapo Garissa.