Kijana hatulii kazini? Pima kwanza kazi uliyompa

WENYE biashara ndogo wengi hulalamika kuwa vijana wanaowaajiri hawatulii kazini. Mmoja anasinzia saa nne asubuhi, mwingine anaharibu kitambaa cha mteja, wa tatu anaondoka bila kuaga. Lawama zote huangukia uvivu. Lakini mara nyingi kasoro iko kwenye kazi yenyewe: ama ni ndogo mno kwa ujuzi wa kijana, ama imemzidi kimo.

Suala hilo lilichunguzwa kwa miaka mingi na Mihaly Csikszentmihalyi, mtaalamu wa saikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani na kufariki dunia mwaka 2021. Alitaka kujua kwa nini wapanda milima, wacheza sataranji na madaktari wa upasuaji huzama katika shughuli zao hadi kusahau saa.

Aligundua kuwa hali hiyo huja pale ugumu wa kazi unapolingana na ujuzi wa mtendaji. Kazi ikizidi ujuzi, mtu huingiwa na hofu. Ujuzi ukizidi kazi, mtu huchoka moyo hata kama mikono haijachoka. Aidha, lengo linapaswa kuwa wazi, na matokeo yaonekane mapema.

Katika kitabu chake cha mwaka 1990 anamtaja mfanyakazi wa kiwandani aliyerudia kazi moja karibu mara 600 kwa siku. Kila mara ilipaswa kumchukua sekunde 43. Yeye aliifanya kama mashindano dhidi yake mwenyewe, akipanga vifaa na mijongeo yake, hadi akafikia wastani wa sekunde 28. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka mitano bila kuchoshwa. Hata hivyo, alijua ipo siku kasi hiyo isingeongezeka tena, hivyo jioni alisomea elektroniki ili apate kazi ngumu zaidi.

Hapo pana onyo kwa mwajiri: ujuzi hukua, na kazi isipokua nao, mwenye ujuzi huondoka.

Ngazi ya fundi

Chukua mfano wa kibanda cha cherehani. Mwanagenzi akikabidhiwa kitambaa cha suti wiki ya kwanza, mkono utatetemeka na hasara itakuwa ya mwenye kibanda. Akiachwa mwaka mzima akishona vifungo, atatafuta pengine. Njia ya kati ni ngazi: vifungo, kisha pindo, kisha sare za shule, kisha kukata kitambaa, na suti mwishoni. Kila hatua ipite kidogo uwezo wa jana, na kosa lionyeshwe siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi.

Mfugaji naye ajipime kwa kipimo hicho hicho. Aliyezoea kuku 50 akichukua mkopo na kuleta vifaranga 500 kwa mpigo, atakutana na joto la banda, chakula na ratiba ya chanjo ambavyo hajawahi kuvimudu kwa wingi huo. Anayepanda hadi 100, kisha 200, hujifunza kabla kosa halijawa la kumfilisi. Kwa upande mwingine, mkulima aliyelima mahindi yale yale kwa miaka mingi anaweza kujaribu mbegu au zao jipya kwenye kipande kidogo cha shamba, na kuandika mavuno yake.

Pamoja na hayo, kazi inayopendeza haichukui nafasi ya mshahara. Kijana anayelipwa kidogo au kwa kuchelewa hatatulizwa na ngazi yoyote.

Kwa mwenye biashara, hatua ya kwanza haina gharama: amwulize kila msaidizi ni kazi gani sasa anaifanya hata akiwa amefumba macho, na ipi bado inamtisha. Kazi yake ya wiki ijayo ipangwe katikati ya hizo mbili.