Derwent: Mabwawa Matatu na Vijiji Vilivyozama

Mji wa Leicester, ambao umepokea familia nyingi za Kiislamu zenye asili ya Uganda, Kenya na Tanzania, haukuwa na maji ya kutosha ulipokuwa ukikua. Wala Sheffield, Derby na Nottingham hazikuwa na hali bora. Ndiyo maana mwaka 1899 iliundwa bodi ya kuyachukua maji ya bonde la Mto Derwent, kaskazini ya mbali milimani, na kuyagawa baina ya miji hiyo minne. Sisi tulio wakazi wa Leicester tumetawadha na kupika kwa miaka mingi bila ya kuuliza maji yatoka wapi. Mwezi wa Agosti tuliamua kwenda kulitazama bonde hilo: wazazi wawili, watoto watatu, na Bibi yao aliyekuja kututembelea kutoka Morogoro.

Bonde limo ndani ya Peak District, hifadhi ya kwanza ya taifa nchini Uingereza, iliyotangazwa mwaka 1951. Chini kuna misonobari na maji; juu yake kuna nyika tupu zisizo na miti, zenye upepo usiopumzika na kondoo wanaomtazama mgeni kana kwamba amekosea nyumba. Nyika hizo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni za kahawia. Mwezi wa Agosti, vichaka vyake vifupi huchanua, na mlima mzima hugeuka zambarau. Udongo wa huko ni mweusi, uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, nao huyapa maji ya vijito rangi ya chai ya rangi. Bibi aliinama akayachota kwa kiganja, akayanusa, kisha akayamwaga. "Haya si machafu," alisema. "Yamelowekwa tu."

Mabwawa ni matatu, yamefuatana. La juu ni Howden, lililokamilika mwaka 1912. La kati ni Derwent, la mwaka 1916. La chini na kubwa zaidi ni Ladybower, lililofunguliwa rasmi na Mfalme George wa Sita mwaka 1945. Kuta za mawili ya kwanza ni za mawe yaliyochongwa, zenye minara miwili miwili kama ya ngome. Kwa sababu ya minara hiyo, marubani wa kikosi cha 617 walilitumia bwawa la Derwent kwa mazoezi mwaka 1943 kabla ya kwenda kuyashambulia mabwawa ya Ujerumani. Wanetu wa kiume walitaka kusikia habari hiyo tu na si nyingine. Sisi ilituvutia zaidi habari ya wajenzi. Walijengewa kijiji kizima cha mabati, Birchinlee, chenye skuli, hospitali na ukumbi, wakaishi humo na wake zao na watoto wao. Kazi ilipokwisha, kijiji kikabomolewa. Leo utaona misingi michache tu kando ya njia.

Mahali pa kuanzia matembezi ni Fairholmes, chini ya ukuta wa Derwent. Pana vyoo, pana baiskeli za kukodi, na njia ni tambarare kiasi cha kumfaa mzee au mtoto wa gari la kusukumwa. Wenye miguu mizuri hupanda Win Hill au Bamford Edge, na kutoka huko mabwawa huonekana kama kioo kilichopasuka vipande.

Mwanetu mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na sita, alitaka kuogelea. Siku ilikuwa ya joto, na maji yalikuwa yametulia. Tulikataa, akanuna. Tunaliandika jambo hili kwa urefu kwa kuwa tunajua wazazi wengi hushindwa hapa. Kuogelea kumekatazwa katika mabwawa haya, wala katazo si la ukali wa bure. Juu maji huwa na uvuguvugu, lakini chini yake ni baridi kali hata kiangazi. Mwili ukipigwa na baridi hiyo ghafla, mtu huvuta pumzi bila ya hiari, na kama kinywa kimo majini, huvuta maji. Kijana hodari wa bwawa la kuogelea la mjini hana kinga dhidi ya hilo. Tulimpeleka Ladybower akaone matundu mawili makubwa ya kutolea maji ya ziada, yenye upana wa mita 24 kila moja kwenye mdomo, yanayomeza maji kama shimo la karo. Akatazama kwa muda mrefu, wala hakuomba tena.

Mishikaki nayo tulikuwa tumeichoma nyumbani. Moto wa kuchomea nyama haufai nyikani, kwani udongo ule mweusi hushika moto ukawaka chini kwa chini. Mwaka 2018 nyika za Saddleworth, pembezoni mwa hifadhi hii, ziliungua kwa wiki kadhaa hata jeshi likaitwa kusaidia. Tulitawadha Fairholmes, tukaswali Adhuhuri kwenye majani kando ya njia, na wapitao walituamkia wakaendelea na safari zao.

Ni Ladybower lililomgusa Bibi. Chini ya maji yake vimelala vijiji viwili, Ashopton na Derwent. Nyumba zilibomolewa, na mnara wa kanisa la Derwent uliachwa ukichungulia majini hadi mwaka 1947, ulipolipuliwa. Bibi hakuuliza habari za nyumba. Aliuliza: "Na makaburi je, wanangu?" Tulimjibu kwamba maiti walifukuliwa wakazikwa upya katika kijiji cha Bamford, chini ya bonde. Akanyamaza kidogo. "Basi walikumbukwa," alisema. "Lakini walio hai waliulizwa?" Hatukuwa na jibu jepesi. Miji ilihitaji maji, wakulima wa bondeni walikuwa wachache, na kikombe cha chai cha Leicester kina deni humo.

Katika miaka ya ukame, mabaki ya kijiji cha Derwent hujitokeza, na watu humiminika kuyatazama. Ilikuwa hivyo mwaka 2018, na yupo aliyenasa matopeni hadi waokoaji wakaja kumtoa. Anayetaka kuyaona na ayatazame kutoka ukingoni. Na mwenye gari ajue kwamba siku za mwisho wa wiki barabara ya kupita Fairholmes hufungwa kwa magari, kwa hiyo atakayetaka kufika Slippery Stones, kwenye daraja la kale la mawe lililohamishwa kutoka kijiji kilichozama, atakwenda kwa miguu au kwa baiskeli.